Kwa Baiskeli Hadi Lushoto

Ni lini wewe na mume wako mlisafiri wawili tu? Sisi tulifikisha miaka kumi na miwili ya ndoa, na mazungumzo yetu yakabaki ada na unga. Tukawaacha watoto kwa bibi yao, tukaazima baiskeli mbili za gia, tukashuka na basi Mombo.

Kutoka hapo hadi Lushoto, katika milima ya Usambara, ni kilometa zipatazo 33 za lami, kona baada ya kona. Kabla ya Soni mmoja wetu alikuwa ametangulia mbali. Mwingine alikokota baiskeli, machozi yakimlengalenga. Penye maporomoko ya Soni tuliketi kimya. Kisha tukasema yote tuliyoyaficha nyumbani. Tangu hapo aliyechoka ndiye aliyetangulia.

Kesho yake tulipita njia ya vumbi hadi Irente, tukatazama nyika iliyotandaa chini.

Akina mama, mkienda, epukeni masika kwani udongo huteleza. Chukueni sweta, kagueni breki kabla ya kuteremka. Na msiachane njiani.