Jina Lisilotamkwa

Neno "wewe" ni fupi katika Kiswahili, lakini lina makali. Mtoto akimwambia mkubwa wake "wewe", hata kama maneno yanayofuatia ni matamu, keshamvunjia heshima. Ndiyo maana watu hulikwepa, wakasema mama, shangazi, mwalimu, ama Baba Fulani. Wajapani nao hulikwepa la kwao: wanalo neno anata, lakini mwanafunzi hamwambii mwalimu wake hivyo, humwita sensei mbele ya uso wake, na jirani huitwa kwa jina la ukoo likifuatiwa na san.

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania adabu hii ina sura zake. Mnyakyusa wa Rungwe, mkoani Mbeya, humwamkia wa rika lake ugonile, yaani umelala? Lakini mkubwa, japokuwa ni mmoja peke yake, huamkiwa mugonile, kana kwamba wamesimama wengi. Mhehe wa Iringa huamkia kamwene, na mtu wa kwao humwita mnyalukolo. Wakati wa siasa ya Ujamaa serikali ilitaka wote, wakubwa kwa wadogo, waitane Ndugu. Hata hivyo, majumbani kila ukoo ulibaki na mizani yake.

Mizani nzito kuliko zote ni ya ukwe. Godfrey na Monica Wilson, walioishi kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika kwamba mke wa mwana hujitenga na baba mkwe wake: hamkabili, wala hatamki jina lake, na neno la kawaida linalofanana na jina hilo hulibadilishia jingine.

Yuko bibi mmoja wa Tukuyu aliyeolewa Iringa akiwa na mafunzo hayo moyoni. Kila asubuhi mzee, baba wa mumewe, alikaa mbele ya nyumba akingojea kamwene ya mkwewe. Bibi harusi akapita nyuma ya nyumba, kimya, macho chini. Mzee akahesabu siku, akaona amedharauliwa. Naye mkwewe, kila alipofanikiwa kutoonana naye, alilala akijua kwamba siku hiyo amemheshimu. Hapakuwa na mkosa baina yao, na nyumba ilikuwa karibu kuvunjika.

Wazee wa Tukuyu walipokuja kumtazama mjukuu, ndipo mambo yakafafanuliwa. Mzee alisikiliza, wala hakusema kitu. Lakini tangu siku ile, kabla ya kuingia uani alikohoa, ili mkwewe apate nafasi ya kupisha. Mtoto alipoanza kusema, akawa mjumbe: mwambie babu chakula ki tayari, mwambie mama nimeshiba, ahsante. Karani wa zahanati alipouliza jina la mwenye nyumba, mtoto ndiye aliyejibu, na karani akamshangaa mama mtu mzima asiyejua jina la mkwewe. Alilijua kuliko mtu yeyote. Alikuwa amelilinda miaka yote ile.

Mzee alipofariki, fundi wa msalaba alitaka jina la kuandika. Mume alikuwa ameshughulika na wageni. Mama yule akachukua kalamu, akaliandika taratibu, herufi baada ya herufi, akaikunja karatasi na kuikabidhi bila kuisoma kwa sauti.

Wapo wasemao kwamba mila kama hizi zilimbebesha mwanamke mzigo ambao mwanamume hakuubeba, nao hawakosei. Lakini ni vyema anayezihukumu ajue kwanza zilikuwa zikisema nini. Si kila kinywa kilichofungwa kimenuna. Mgeni anayefika katika lugha ya watu hujifunza haraka maneno ya kuamkia. Maneno yasiyosemwa, na sababu za kutosemwa kwake, humchukua umri mzima, na pengine humhitaji mtu wa upande wa pili akubali kukohoa mlangoni.