Kibiriti Kimoja, Dawa Mbili

Ndugu msomaji, bila shaka wakijua kibiriti upele, ule unga wa manjano. Jina lake lenyewe latwambia kazi yake: huchanganywa na mafuta akapakwa mwenye upele. Si dhana tupu. Hata leo matabibu hutumia marhamu yenye kibiriti sehemu 5 hadi 10 katika 100, kwani huua mdudu wa upele.

Lakini kiko kibiriti cha pili. Samuel Hahnemann, tabibu wa Kijerumani aliyeanzisha homeopathi mwaka 1796, alidai kuwa asili ya maradhi mengi sugu ni mwasho. Wafuasi wake humtazama mtu tabia yake: mwenye joto jingi, nyayo zikimwaka usiku, asiyejali usafi, huyo humpa kibiriti. Nacho hukizimua, sehemu 1 katika 100, tena na tena, mara 30. Kabla ya kufika nusu ya safari hiyo, hesabu yaonyesha kibiriti kimekwisha. Hubaki sukari tu.

Nasema haya kwa kuwa wanafunzi wangu chuoni huketi mkeka mmoja, bega kwa bega. Mtoto mwenye upele akilambishwa sukari, hukesha akijikuna, na wenzake huambukizwa.

Tumeamrishwa kutafuta dawa. Basi tuulize pia ndani yake mna nini. Mpeleke mwanao kwa tabibu, nyumba nzima mtibiwe siku moja, nguo na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto. Mtoto ni amana.