Nilisema hana neno

Najua nimekuwa adimu. Kazi za gazeti ndivyo zilivyo: leo uko Mkalama kwa habari za vitunguu, kesho Ikungi kwa alizeti, keshokutwa baraza la madiwani linakula siku nzima halafu mhariri anakupa aya nne. Basi leo niache hayo. Leo naungama kosa.

Nimepanga chumba hapa Singida mjini, kwa mama mmoja mstaarabu sana. Ana kijana wa kidato cha pili ambaye huokota kila kinachotembea. Nge, mijusi, kinyonga, vyote vimepita mikononi mwake. Novemba mwaka jana, mvua za kwanza zilipodondoka, alikuwa akisaidia kusogeza mawe nyuma ya nyumba (Singida mawe hayaishi, mnajua), akaja mlangoni kwangu na kopo la Blue Band lililotobolewa mfuniko kwa msumari.

"Kaka, hebu angalia hapa."

Nikaangalia. Buibui mkubwa kama kiganja cha mtoto, manyoya mwili mzima, kahawia iliyochanganyika na kijivu, na mgongoni ana michirizi iliyotawanyika kama miale ya jua. Alipoona mwanga akainua miguu ya mbele juu kabisa na kuonyesha meno. Nikarudi nyuma hatua moja, lakini kwa heshima ya shahada yangu nikajifanya nilikuwa natafuta simu.

"Huyo ni tarantula," nikasema.

Nikaandika neno hilo kwenye simu na majibu yakamwagika. Watu wa Marekani wanawafuga sebuleni. Wanawatembeza mikononi. Wapole, hawana haraka, wakiuma ni kama nyuki tu. Silaha yao kubwa ni nywele za tumboni, ambazo huzirusha kwa miguu ya nyuma na kumwasha adui. Nikamtafsiria kijana yote hayo kwa Kiswahili fasaha, mama yake akisikiliza huku anachambua mchele. Nikamalizia kwa kauli ambayo nimeikumbuka kila siku tangu hapo: "Hana neno. Chunga manyoya yasikuingie machoni."

Kila nilichosoma kilikuwa kweli, ila kilimhusu buibui mwingine.

Desemba yule buibui alijivua gamba ndani ya kopo (simaanishi kule kwa wanasiasa wa 2011, huyu alijivua kweli). Ngozi nzima ikabaki imesimama, miguu yote minane na meno yake, kama koti lililovuliwa. Kijana akaihifadhi. Katikati ya Januari, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, alitia mkono koponi ili amtoe asafishe. Si nilimwambia wanatembezwa mikononi?

Sitaisahau ile sauti. Nilipotoka chumbani nilimkuta amekaa chini, ameshika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, jasho linamtoka, hawezi hata kulia vizuri. Mama alikuwa ameshamaliza shauri la buibui kwa ndala. Tukapanda bodaboda watatu, sheria mtanisamehe. Zahanati wakamwosha kidonda kwa maji na sabuni, wakampa dawa ya maumivu na sindano ya pepopunda, wakamweka waangalie kama anapumua sawasawa. Mganga akauliza swali la haki kabisa:

"Alikuwa buibui gani?"

"Tarantula," nikajibu.

"Wa aina gani?"

Mimi kimya. Mama akaniangalia. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema taratibu, "Mwanangu, wewe si ndiye uliyesema hana neno?"

Mkono ulivimba hadi kwenye kiwiko. Maumivu makali yalipungua siku ya pili, lakini misuli ilimkaza kwa siku kadhaa, mara begani, mara mapajani. Alichelewa kurudi shule. Sasa mzima, namshukuru Mungu. Mimi nikabaki na aibu, na mwandishi akiwa na aibu anafanya nini? Anasoma. Nilisoma usiku kwa usiku, safari hii nikauliza lile swali la mganga.

Tuanze na hilo neno lenyewe. Tarantula limetokana na mji wa Taranto, kusini mwa Italia, na buibui aliyeitwa hivyo mwanzoni si wa ukoo huu hata kidogo. Ni buibui mwindaji wa mashambani, mdogo kuliko huyu wetu. Wazungu walipofika Amerika wakaona buibui wakubwa wenye manyoya, wakawapa jina walilokuja nalo. Leo jina hilo limebebeshwa aina zaidi ya 1,000 duniani. Nywele za kuwasha wanazo wengi wa Amerika. Wa Afrika hawana. Kwa kuwa hawana, wa kwetu hutegemea meno na sumu, ni wepesi wa hasira na wepesi wa mbio, na sumu yao ni kali kuliko ya wale wa sebuleni Marekani. Sikuona popote kwamba imeua mtu, ila kukaza misuli kwa siku kadhaa kumeandikwa wazi. Hilo ndilo nililopaswa kumsomea yule kijana Novemba.

Wale wa Afrika huitwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani "buibui nyani", jina lililotoka Afrika Kusini, eti miguu yao yenye manyoya inafanana na vidole vya nyani. Haya, nyani. Halafu kila mfanyabiashara anaongeza lake. Kuna mmoja maarufu kuliko wote, rangi ya chungwa iliyoiva, anauzwa kama "nyani wa Usambara", kwa milima yetu ya Tanga. Kuna mwingine wa rangi ya udongo anauzwa kama "nyota ya dhahabu ya Mombasa". Ukisoma hivyo unadhani ni wawili, mmoja Mtanzania na mwingine Mkenya. Wataalamu wanasema ni aina moja tu, Pterinochilus murinus, iliyoandikwa na Mwingereza Pocock mwaka 1897, nayo inapatikana Afrika Mashariki, Kati na Kusini hadi Angola. Wana rangi mbalimbali kama kuku wa kienyeji. Kilichonichekesha katikati ya huzuni yangu ni kwamba neno murinus ni la Kilatini na linahusu panya. Kwa hiyo mnyama yuleyule ni panya kwa mtaalamu, ni nyani kwa mfugaji, ni chungwa kwa muuzaji, na kwetu ni buibui, ambalo pia ni vazi la bibi yangu.

Jirani zetu Dodoma nao hawakusalimika. Pterinochilus lugardi, mwingine wa ukoo huo, kuna wanaomwita wa Dodoma, na kuna wanaomwita wa Fort Hall, yaani Murang'a ya Kenya kwa jina la kikoloni. Mtu anaweza kununua wa Dodoma kisha wa Fort Hall akidhani anao wa aina mbili.

Msije mkadhani majina ya kitaalamu ni msahafu. Yule mkubwa wao anayeitwa "mfalme nyani", wa Kenya na Tanzania, anayechimba shimo refu na kukaa humo, aliandikwa na Karsch mwaka 1885 kama Pelinobius muticus. Pocock akamwandika upya mwaka 1900 kwa jina jingine kabisa, Citharischius crawshayi. Zaidi ya miaka 100 ikapita watu wakitumia hilo la pili, mpaka walipolinganishwa ikaonekana ni yuleyule, na jina la kwanza likarudishiwa haki yake. Tofauti niliyoiona ni kwamba huko kuna jalada. Nani alisema, lini, kwa mnyama yupi, unaweza kufuatilia kama unavyofuatilia kesi. Nyota ya dhahabu ya Mombasa huwezi kumuuliza mtu.

Nikajaribu kumweleza mama haya, nusu kwa kuomba radhi. Alinisikiliza huku anakoroga mboga. Akauliza, "Kwani mlenda ni mmea gani?" Nikasema mlenda ni mlenda. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Januari. Akanitajia majani yasiyopungua manne, mengine ya shambani, mengine ya porini, mengine ya kukausha, yote sokoni unaambiwa mlenda. "Mimi nikikutuma mlenda siishii hapo. Nakuambia wa nani, na ameutoa wapi."

Hapo ndipo iliponiingia. Sisi wa magazeti tunagombezwa tukikosea herufi moja ya jina la diwani, mhariri anauliza jina la tatu, umri, kijiji. Buibui nilimwandikia jina moja la Italia nikaona habari imekamilika.

Je, alikuwa murinus? Ile michirizi ya mgongoni inanishawishi, lakini wenziwe wa ukoo huo nao wanayo, na picha za simu hazitoshi. Wataalamu humtazama jike kwa hadubini, wakikagua vifuko vidogo vya ndani anamohifadhi mbegu za dume, na umbo la vifuko hivyo hubaki hata kwenye gamba alilojivua. Kumbe lile koti la Desemba ndilo kitambulisho chake.

Lipo mezani kwangu ninapoandika, kwenye kisanduku cha kiberiti chenye pamba. Mwezi ujao nina safari ya Dar es Salaam, nitalipeleka chuo kikuu kwa watu wa elimu ya wanyama. Nilimpa kijana kalamu aandike juu ya kisanduku. Mkono wake wa kulia umepona kabisa, mwandiko umenyooka: chini ya jiwe, nyuma ya nyumba yetu, Singida mjini, Novemba, mvua ya kwanza. Nikamuuliza, na jina je?

"Tuache nafasi, kaka," akasema, akachora mstari.