Ushahidi wa Tabaka Lililopinda

Msomaji kijana, sisi watu wa Amu tutajapo kusoma, aghalabu hukumbuka vitabu. Lakini ardhi nayo ina maandishi yake. Mimi huvipenda vilima vya mchanga vya Shela kwa sababu hiyo: ubavu wake umomonyokapo, huonekana mistari iliyoinama, nayo ni mwandiko wa upepo.

Katika Mlima Kenya, ambako Mto Tana umwagikao baharini Kipini hupata baadhi ya maji yake, mwandishi alikuwa mwingine. Mwaka 1893 mwanajiolojia J. W. Gregory aliona huko dalili kwamba zamani barafu ilishuka mabondeni chini sana kuliko ilivyokuwa siku zake.

Barafu nene huteremka polepole kwa uzito wake, ikiburura mawe na kukunja matabaka ya udongo yaliyolala sawasawa. Jaribu mwenyewe. Tandika mchanga na udongo uliolowa kwa zamu ndani ya sanduku, kisha usukume kwa ubao kutoka upande mmoja. Matabaka yatakunjika na kulalia kule msukumo uendako.

Je, kila kunjo ni kazi ya barafu? La. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Tope la mteremkoni huporomoka likakunjika. Mchanga mzito ukilalia tope laini, tope hupenya juu mfano wa ndimi za moto. Tetemeko nalo huvuruga. Kwa hiyo msomaji mwangalifu hutafuta shahidi wa pili, kama vile mawe yenye mikwaruzo ya barafu. Hutazama pia tabaka la juu: likiwa limelala sawa juu ya lililopinda, hujua kuwa msukosuko ulikwisha kabla halijatandikwa.

Elimu hii ina haja kubwa leo. Barafu ya Lewis, iliyopewa jina hilo na Gregory, ilipoteza yapata sehemu tisa katika kumi za ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Vijana watakaokuja huenda wasiione barafu mlimani; watauona udongo iliokunja. Udongo hausemi uongo, ila asiye na subira huweza kuusingizia. Basi uonapo tabaka lililopinda, usiulize tu ni nani aliyelipinda. Uliza pia ni nani mwingine angaliweza.