Fomu Iliyobaki Mezani

Mwaka 2007 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari yenye kidato cha tano na cha sita. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, ilikuwa bado ngeni kwetu. Matokeo yalipotoka nilibandika tangazo ubaoni: anayetaka mkopo aje ofisini achukue fomu. Nikaona nimetimiza wajibu wangu.

Vijana wengi walikuja. Binti mmoja, aliyepata daraja la kwanza, hakuja. Nilimwekea nakala yake mezani, chini ya kibweta cha chaki. Siku moja nilikutana na baba yake sokoni. Alikuwa na duka dogo, mtu wa heshima mtaani. Nilipomgusia habari ya fomu, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, karatasi ile inanitaka niende kwa mwenyekiti nikaseme mimi maskini. Kesho nitamuuzia nani sukari?" Nilicheka kidogo, nikamwambia kila mtu na uamuzi wake. Tukaagana. Tarehe ya mwisho ikapita, na fomu ikabaki pale pale.

Binti alipata nafasi chuo kikuu, lakini ada haikupatikana. Duka lile lilikuwa na heshima kuliko fedha.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kwa sababu mimi mwenyewe nilisomeshwa bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo cha Ualimu Chang'ombe, Serikali ilitupa kitanda, chakula na waranti ya safari. Hakuna aliyetuuliza baba zetu wana ng'ombe wangapi. Mtoto wa karani na mtoto wa mkulima walipanga foleni moja, sahani mkononi. Hatukuona haya kwa kuwa wote tulikuwa tukipokea. Aibu humpata yule anayetoka peke yake mstarini.

Ndiyo maana niliposoma habari za jimbo la Louisiana, huko Marekani, nilisimama nikafikiri. Kuanzia wahitimu wa mwaka 2018, jimbo hilo liliwataka wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho wa sekondari wajaze fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa gharama za chuo, la sivyo wasihitimu. Mzazi asiyetaka aliruhusiwa kukataa kwa maandishi. Waombaji waliongezeka sana mwaka ule wa kwanza. Illinois na Texas zilifuata kwa kanuni zao. Hata hivyo, mwaka 2024 Louisiana yenyewe iliifuta kanuni hiyo. Walioipinga walisema si haki cheti cha mtoto kitegemee karatasi inayochungulia mapato ya wazazi wake.

Nawaelewa pande zote mbili. Mtoto aliyefaulu mtihani asinyimwe cheti kwa sababu ya ukaidi wa mzazi. Tena kwetu fedha hizi kwa walio wengi ni deni. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyowatesa wengi, iliondolewa mwaka 2021. Mzazi anayeogopa deni si mjinga. Asikilizwe.

Lakini kumwachia mtoto uamuzi si sawa na kumwachia mzigo. Maombi ya sasa hupitia kwenye intaneti. Yanadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, sahihi ya serikali ya mtaa, na mdhamini. Kijana wa kijijini ambaye cheti chake kimekosewa herufi moja ya jina anaweza kuhangaika miezi. Kwa hiyo lazima ninayoitaka mimi iiangukie shule kwanza. Kidato cha sita kipangiwe vipindi vya kukusanya vyeti na kujifunza kuijaza fomu ile, darasa zima, mtoto wa tajiri na wa maskini. Wazazi waitwe mapema, waelezwe mkopo ni nini na hulipwaje. Asiyetaka aandike kwamba hataki, na mwanawe apewe cheti chake bila neno.

Miaka kadhaa baada ya kustaafu nilikutana na yule binti kwenye stendi ya mabasi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akisomea shahada wakati wa likizo kwa kudunduliza mshahara wake. Alinipokea mfuko, akaniamkia kwa adabu ile ile. Nilimwomba radhi kwa ile fomu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shikamoo yangu haina kinyongo, Mwalimu. Ila ungesema ni lazima kwa wote, baba angesaini. Angewaambia watu shule imemlazimisha."

Basi likaja, akapanda. Mimi niliyefundisha miaka zaidi ya thelathini sikuwahi kufikiri kwamba amri yangu ingeweza kumsitiri mzee yule.