Mistari Isiyoonekana

Nilipoanza kazi ya uhasibu katika chama cha akiba na mikopo, kuficha mstari kulihitaji mkasi. Leja ilikuwa kubwa, ya jalada gumu, na kanuni yake haikuwa na mjadala: kosa halifutwi. Unalikata kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu, tarakimu ibaki inasomeka, unaandika iliyo sahihi juu yake na kutia saini pembeni. Siri ilianzia kwenye mashine ya fotokopi. Bodi ikitaka ukurasa wa mikopo usio na majina fulani, tulikata vipande vyembamba vya karatasi nyeupe, tukavilaza juu ya mistari ile, tukapiga kopi. Palipofunikwa palitoka peupe, na kila mjumbe alijua kuna jambo hakuonyeshwa. Siku hizi naona ule ulikuwa uungwana.

Kisha ikaja kompyuta yenye Excel ya 2003. Kijana aliyetufundisha alibofya namba ya mstari pembeni kushoto, akabonyeza Ctrl na 9. Mstari wa 14 ukatoweka. 13 ikafuatwa na 15 kana kwamba ndivyo watu wanavyohesabu. Mhasibu wetu mkuu, aliyezeeka na leja, akasogeza miwani.

“Sasa mwanangu, hiyo hela imekwenda wapi?”

“Ipo, mzee. Haionekani tu.”

“Na jumla?”

Jumla haikutikisika. Mzee aliguna, akarudi mezani kwake, nasi vijana tukacheka. Lakini swali lake ndilo lilikuwa lenyewe.

Lilirudi kwenye mkutano mkuu. Mistari midogo midogo ya matumizi ilikuwa imefichwa ili taarifa itoshe ukurasa mmoja. Mwalimu mmoja mstaafu akatoa kalkuleta, akajumlisha yanayoonekana, akapata pungufu ya jumla iliyochapishwa chini. Ukumbi ukachafuka. Hakuna aliyekula hela ya mtu: fomula ya SUM huhesabu kila kilichopo, kionekane kisionekane. Dawa yake ni SUBTOTAL, nayo ina ujanja wake. Ukiipa namba 9, inaruka mistari iliyoondolewa na kichujio, lakini ile uliyoificha kwa mkono inaihesabu. Ukiipa 109, namba iliyokuja na toleo hilohilo la 2003, inaruka ya aina zote mbili. Aliyeona tofauti kubwa hivyo ikae ndani ya namba za kukariri, bila shaka hakuwahi kusimama mbele ya wanachama.

Toleo la 2007 liliongeza mistari kutoka 65,536 hadi 1,048,576, nasi tukapata pa kuficha zaidi. Mwaka uliofuata, benki ya Lehman Brothers ilipofilisika Marekani, benki ya Barclays ikanunua sehemu ya biashara yake. Orodha ya mikataba ya kurithiwa ilikuwa kwenye Excel, na mikataba 179 isiyotakiwa ilikuwa imefichwa, haikufutwa. Faili lilipogeuzwa kuwa PDF usiku wa manane ili lipelekwe mahakamani, mistari ile ikajitokeza na kuhesabiwa miongoni mwa iliyonunuliwa. Mawakili walilazimika kurudi mahakamani kuomba iondolewe. Kisa hicho nimekisimulia ofisini mpaka watu wamekichoka.

Siku hizi faili halikai ofisini. Linatumwa kwa simu, linafunguliwa na watu kumi kwa pamoja kwenye Google Sheets, na kati ya namba za mistari kuna vishale vidogo vinavyomwambia yeyote mahali pa kubofya. Ndiyo maana nikitaka kupunguza urefu naunganisha mistari katika kundi: pembeni inabaki alama ya kujumlisha, msomaji anajua kuna kitu ndani na akitaka anafungua. Faili la kwenda nje nalinakili upya, yale yanayoonekana tu, kwa kuanza na Alt na nukta mkato. Vijana huniona msumbufu.

Mkaguzi hanioni hivyo. Akija kila mwaka, kabla chai haijafika, anachagua karatasi nzima, anabonyeza Ctrl, Shift na 9 ili mistari iliyofichwa ijitokeze, kisha anashuka nayo taratibu kwa macho. Mwanzoni niliudhika. Sasa hata nafasi ya kukaa nampa upande wa kibodi.