Kufyeka na Kukata

Katika shule zetu nyingi hapa Uganda uwanja haukatwi, hufyekwa. Mwalimu wa lugha hana budi kuijali tofauti hiyo. Afyekaye huinua fyekeo, ambalo wanafunzi wetu huliita slasha, akalizungusha kwa nguvu, na unyasi ukakatika kwa kishindo cha pigo. Makali yakipungua, mkono huongeza nguvu na kazi huendelea. Ile mashine ya kusukuma kwa mikono, yenye ngoma ya visu inayozunguka baina ya magurudumu mawili, haifyeki hata kidogo. Inakata, tena kama mkasi.

Chini ya ngoma hulala kisu kimoja kilichonyooka, ambacho hakisogei. Visu vya ngoma, aghalabu vitano au zaidi, huyakumba majani, huyasukuma hadi kwenye ukingo wa kisu cha chini, na hapo majani hukatika baina ya makali mawili. Kwa kuwa visu vya ngoma vimepindwa mfano wa kamba iliyosokotwa, havikutani na kisu cha chini kwa urefu wote kwa mara moja. Hukutana nacho mahali padogo tu, na mahali hapo husafiri kutoka ncha moja hadi ya pili, sawasawa na mkasi wa fundi cherehani unavyofumbwa.

Fundi wa nguo sikumtaja kwa mapambo. Aliyeibuni mashine hii, Mwingereza Edwin Beard Budding, alifanya kazi karibu na Stroud katika jimbo la Gloucestershire, penye viwanda vya nguo za sufu. Viwandani mle palikuwa na mashine za visu vya kuzunguka zilizopunguza manyoya yaliyosimama juu ya kitambaa ili kipate kuwa laini. Budding akaona kwamba kinachonyoa sufu chaweza kunyoa na bustani, akapata hataza mwaka 1830. Kabla ya hapo bustani za Uingereza zilikatwa kwa miundu mirefu, alfajiri, umande ungali majanini. Kwa hiyo mwanafunzi akiniandikia kwamba mashine hii “inanyoa” uwanja, simkosoi.

Nayasema haya kwa sababu katika shule moja niliyopata kufundisha, mashine ya namna hii iliponea chupuchupu kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ilikuwa ikirarua. Siku mbili baada ya kupita, ncha za majani ziligeuka rangi ya kahawia, uwanja mzima ukaonekana kama umebabuka. Kamati ilisema mashine imezeeka. Nayo ingaliondoka, mzee aliyeitunza angaliondoka pia, kwani wafyekaji walilipwa kwa siku, na yeye alikuwa na mshahara wa mwezi.

Mzee huyo alijua kilichoiharibu. Wakati alipokuwa likizoni, watu waliagizwa “wainoe”, nao wakatii agizo kama lilivyo: wakapiga visu tupa, kimoja kimoja, kama mtu anoavyo panga. Panga huweza kunolewa peke yake kwa sababu hukata peke yake. Hapa kisu kikiliwa mahali pamoja huacha mwanya, na penye mwanya majani hupinda badala ya kukatika.

Kwanza ilipelekwa kwa fundi wa mashine, akaisaga ngoma hadi visu vyote vikawa na kimo kimoja. Kasoro kubwa kama ile haiondoki kwa kazi ya mikono. Yaliyobaki mzee aliyafanya mwenyewe chini ya mwembe. Alivipaka visu ile krimu yenye chembe za msasa ambayo mafundi wa magari husagia vali, kisha akaizungusha ngoma kinyumenyume kwa mpini, polepole, ili makali ya juu na ya chini yasagane na kulingana. Mlio ulianza kwa kukwaruza, ukapungua hadi ukawa kama mnong’ono. Akaifuta krimu yote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akiangalia isiingie kwenye beringi.

Ndipo akachukua gazeti. Ukanda wa karatasi huingizwa baina ya kisu cha chini na ngoma, na ngoma huzungushwa kidogo kidogo kwa kijiti, kamwe si kwa vidole. Karatasi ikikatika safi kushoto, katikati na kulia, mashine iko tayari. Ikikunjika upande mmoja, skrubu ya upande huo hukazwa kidogo sana, robo ya mzunguko au chini ya hapo, kisha hujaribiwa tena. Wengi hukaza mno wakidhani kubana ndiko kukata. Mashine ikawa nzito, ikapiga kelele, na visu vikalika bure.

Niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili wakamtazame, kisha wakaandike maelekezo ya kazi ile kwa Kiswahili. Nilipiga marufuku neno moja tu, “kunoa”. Ikawalazimu kutafuta kusaga, kulinganisha, kusogeza, kulegeza, kugusanisha. Insha iliyo bora, baada ya mzee kuisahihisha (nami nikasahihisha upatanisho wa sarufi tu), ilibandikwa kwenye mlango wa stoo. Kamati iliitembelea mashine, ikaona gazeti likikatwa, na habari ya kuiuza haikutajwa tena muhula ule.

Maelekezo yale yana mambo mengine ambayo mzee alishikilia yaandikwe. Kabla ya kukata, okota mawe na vijiti, maana kokoto moja hutia pengo katika makali. Usikate nyasi zingali mbichi kwa mvua. Zikiwa zimepita kimo cha ngoma, zifyeke kwanza kwa slasha, kwa kuwa mashine itazilaza tu, nazo zitainuka nyuma yako. Usiondoe zaidi ya thuluthi moja ya urefu wake kwa siku moja. Ukimaliza, piga brashi, kausha, paka visu mafuta, kisha ndipo uifungie stoo.